Jalada: P. N. Wekhomo

Nilinunua santuri, na gramafoni sina.
Shilingi mia na hamsini, Soko Mjinga, Nakuru,
kati ya redio iliyotolewa utumbo
na viatu vilivyopotezana na wenzao.
Muuzaji, mtu mwaminifu, akanionya:
hiyo imekwaruzwa, haitaimba.
Nikamwambia, nifungie hivyo hivyo.

Jaladani mna pasi ya makaa.
Nyeusi, mdomo wazi,
na badala ya moshi zinatoka nyuzi sita za gitaa,
zinapanda, zinapinda, zinatoboa ukingo wa juu
zikaendelee huko ambako karatasi imekwisha.
Chini yake shati jeupe la kanisani
limeungua alama ya pasi,
na ndani ya alama hiyo, ukiinama,
ukisogeza pua kama anayenusa maziwa,
utaiona Menengai, na shimo lake,
na watu watano wadogo kama punje za mpunga
wamejipanga ukingoni.
Ndio bendi yenyewe: Wana wa Volkano, 1974.

Wenzao siku zile walipigwa picha
wakiegemea gari la kuazima, suruali zikifagia lami.
Hawa walikubali kuwa punje.

Miaka mitatu imening'inia
juu ya meza ninaposahihishia madaftari.
Mke wangu aliuliza, unasikiliza nini humo?
Nikamjibu: wekundu.
Kwa maana wekundu haukutulia. Umeteleza
upana wa ukucha, kulia mwa mstari mweusi,
kila kaa limechungulia nje ya mwili wake,
na pasi inatetemeka.
Naapa inatetemeka.
Roki niliijulia hapo, kwa jicho,
sikio likingoja zamu yake.

Nikaenda kumtafuta Bwana Wekhomo.
Bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwa kinyozi,
nikamkuta mama anachambua maharagwe,
miwani imefungwa sikio moja kwa uzi.
"Bwana nani?"
Akacheka hadi ungo ukamwaga.
Perpetua Nasambu. Ndiye P, ndiye N.

Alikuwa mchoraji wa kiwanda cha uchapaji:
lebo za dawa ya mbu, kadi za harusi,
vibandiko vya chupa za siki.
"Vijana walikuja Jumanne wakitaka Ijumaa,
na hela ya rangi mbili.
Muziki wao? Sikuusikia hata siku moja.
Waliniambia una kelele na una moto.
Nami asubuhi ile
nilikuwa nimemuunguzia mume wangu shati."

Na wekundu, mama?
"Aa, huo. Skrubu ya mashine ililegea.
Fundi ameshika bisibisi, anataka kukaza.
Nikaitazama nakala ya kwanza.
Nikamwambia: iache."

Iache.
Neno hilo nilitembea nalo hadi stesheni,
nikavuka nalo reli, nikalifikisha Kaptembwa.
Mimi ningekaza.
Mimi ninayemkata mtoto alama mbili
kwa kuvuka mstari wa pambizo.

Baadaye rafiki yangu Kiplimo, kule Njoro,
aliifufua gramafoni ya marehemu baba yake.
Wimbo mmoja tu ulikuwa umenusurika.
Ngoma safi. Gitaa si haba.
Mwimbaji anajitahidi, Mungu amwone.
Wana wa Volkano, mnisamehe:
muziki wenu ulikuwa mdogo kuliko nyumba yake.

Mwezi jana nikampelekea jalada alitie sahihi.
Alilinyoosha mapajani,
akalikagua jinsi mtu anavyokagua kola,
kisha kidole chake kikashuka hadi ukingoni mwa shimo.
"Walikuwa watano. Walionilipa ni wanne.
Huyu wa mwisho ana deni langu hadi leo."

Nikavaa miwani yangu, nikainama.
Miaka mitatu nikilitazama jalada hili kila usiku,
na sikuwahi kuona
kwamba punje ya tano haina kichwa.